Pedali ya Tatu

Nianze na mguu wangu wa kushoto, maana ndio unaoniuma ninapoandika haya. Kila Jumapili unauma, kutoka pajani hadi kisiginoni, hata kanisani tukisimama kuimba naegemea benchi la mbele kama mzee wa miaka tisini. Mke wangu ananiambia niende hospitali. Nikifika nitasema nini? Kinachoniuma nakijua. Ni klachi ya jipu, gari la baba. Ni ngumu, inarudisha teke, na aliyeiweka mle garini ni mimi. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa miguu yangu miwili mizima nikamwambia fundi atoe giaboksi ya otomatiki aweke ya gia za mkono, na tangu siku hiyo sijajua kupumzika ni nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibugu, Embu, karibu na msitu. Nilioa huku, nikapewa kipande cha chai, nikakaa. Lakini kwetu ni Laare, kwenye miraa, na baba bado yuko huko. Kutoka Kibugu hadi Laare ni kubadilisha gari Embu, ubadilishe tena Meru, na ukifika mgongo umekuwa ubao. Safari hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyokwenda shambani kwangu mwenyewe.

Baba alipigwa na kiharusi miaka kadhaa iliyopita, upande wa kushoto. Mkono ulirudi nusu. Mguu haukurudi. Daktari akamwambia amshukuru Mungu kwamba yuko hai. Baba akasema Mungu atashukuriwa, lakini shambani atafikaje?

Lazima nieleze habari za shamba hilo, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Liko juu ya kilima, nyuma ya boma letu, na lina miraa mizee ambayo sisi tunaiita mbaine. Ilipandwa na babu wa babu yangu. Vigogo vyake ni vinene, vimepindapinda, na baba anaujua kila mmoja kama vile mimi ninavyojua daftari la mahudhurio. Njia ya kupanda huko ni mawe na udongo mwekundu. Kwa miguu hawezi. Boda boda alijaribu, mguu ukawa unaning'inia tu kama mkoba, akaanguka mara mbili. Ndipo akauza ng'ombe, akanunua jipu kuukuu, kubwa, la mraba, lenye umri mkubwa kuliko walimu wenzangu wengi. Akalinunua kwa sababu moja tu: lilikuwa otomatiki. Pedali mbili, ya mafuta na ya breki, na mguu wa kulia unatosha.

Basi akawa anapanda. Kila asubuhi, mvua au jua, baba alikwenda kuiona miti yake, akazunguka nayo kwa mkongojo, akarudi nyumbani na koti limejaa majani.

Sasa niseme ukweli, maana uongo nimeshasema wa kutosha. Baba alikuwa dereva wa hatari. Zamani aliendesha lori, hilo silikatai, lakini zamani ni zamani. Laare wakati wa kupakia miraa si mahali pa mzee mwenye jicho moja hafifu. Boda boda zinakuja na magunia mgongoni, zinakimbia kwa sababu miraa ikikauka ni hasara, hazimpishi mtu. Baba naye hampishi mtu. Anaingia barabarani kama anayeingia sebuleni kwake.

Dada yangu, mfanyabiashara, anakaa boma la pili kutoka kwa baba, na ndiye aliyekuwa akinipigia simu. "Amegonga ukuta wa kinu cha posho." "Ameingia kwenye mtaro." Siku moja alinipigia nikiwa darasani, analia. Baba alikuwa amemgusa mwendesha boda, kijana akaruka, akaokoka, miraa ikamwagika barabarani yote. "Siku nyingine hataruka," dada akasema. "Lichukue hilo gari kabla halijamchukua mtu." Nikawaambia watoto wasome kimya, nikatoka nje, nikakaa chini ya ukuta wa darasa.

Ningeweza kumwambia, "Baba, acha kuendesha." Watu wazima wawili, mwalimu na mfanyabiashara, tulishindwa kumwambia mzee wetu sentensi hiyo moja. Tulijaribu. Dada alianza, baba akamtazama, dada akaishia kuuliza kama anataka chai. Mimi hata kuanza sikuanza. Nilibaki na simu tu. Ikilia, roho inaruka. Isipolia, nakaa nikingoja ilie. Ukikaa hivyo miaka, unachoka mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyechoka hivyo hafikirii vizuri. Sijitetei. Nasema ilivyokuwa.

Kisha gari likaanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, lakini gari halipandi; linabaki pale pale kilimani kama punda aliyegoma. Dada akanipigia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha. "Mungu amejibu," akasema.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Nilikwenda Laare kulichukua. Baba alinipa funguo mwenyewe, akasimama langoni na mkongojo wake. "Mwambie fundi asiharakishe," akasema. "Afanye kazi safi. Mimi nitangoja." Nikaliendesha polepole hadi mjini Meru, nikisimama kila mlima lipoe, hadi soko la Gakoromone, kwa fundi mmoja anayefanyia kazi uwanjani nyuma ya malori ya kabeji. Baba alimjua fundi huyo na fundi alimjua baba. Hapo ndipo ningepaswa kwenda kwa mtu mwingine, lakini sikuwaza.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakinusa, akakunja uso. Akaingia chini ya gari. Nikabaki naongea na miguu yake. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu, una bahati. Hii giaboksi haijakufa. Kuna kebo inatoka kwa kabureta, imelegea. Na hapa ndani chujio imeziba na uchafu. Nipatie siku mbili. Mzee ataendesha mpaka achoke yeye."

Sikufurahi. Nilisikia uzito, kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa na atakuja kuufanya tena. Niliziona simu zote zitakazokuja. Nikamwona yule kijana wa boda akiruka, na mwingine asiyeruka.

"Je, ukitoa hii ukaweka ya gia za mkono?" nikamuuliza.

"Inawezekana. Kuna gari kama hili limekatwa vipande hapo ng'ambo, giaboksi yake iko. Lakini kwa nini? Mzee ameanza kutaka gia?"

"Mimi ndiye nauliza."

Akapangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Mzee mguu wa klachi anao?"

"Hana."

"Mwalimu, sasa hiyo ni kutengeneza gari ama ni kufunga mzee?"

"Wewe fungua boliti," nikamwambia.

"Haya. Kazi ni yangu. Dhambi utabeba mwenyewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini gari lilikuwa la baba, na kwetu huwezi kubadilisha mali ya mzee bila yeye kusema ndiyo. Wala huendi kumwomba mzee jambo zito mikono mitupu. Unampelekea ncoolo, yaani fungu la miraa bora lililofungwa kwa jani la mgomba. Ni hilo hilo linalopelekwa kuomba mke, na kuomba radhi pia. Unaliweka mbele yake, unasema neno lako. Akilifungua akatafuna, amekubali, na limekwisha. Hakuna wa kulifufua. Asipolifungua, rudi nyumbani ukajifikirie. Na mtu hasemi uongo juu ya ncoolo. Hilo nalo nililijua tangu nikiwa mdogo.

Nikanunua moja pale pale Gakoromone kwa muuzaji, imeshafungwa tayari, nikapanda nayo hadi Laare. Nikaiweka kwenye kibao mbele ya baba. Nikamwambia giaboksi imekufa kabisa. Nikamwambia ya otomatiki haipatikani, Meru yote, Embu yote. Nikamwambia iliyopo ni ya gia za mkono tu, na gari likikaa bila kutengenezwa litaoza.

Baba aliligeuza fungu mkononi. "Hii imefungwa na nani?"

"Nimenunua sokoni, baba."

"Mm," akasema. Akakaa nalo magotini muda mrefu. Mimi nilitazama kuku. Kisha akavuta uzi wa mgomba kwa meno, akachagua kijiti, akaambua ganda, akaanza kutafuna taratibu. "Kama imekufa, imekufa," akasema. "Mtu hagombani na maiti." Akatafuna tena. "Sasa mimi nitapelekwa na nani huko juu?"

"Tutatafuta dereva."

"Tafuteni," akasema.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne, na nilikaa pale zote nne kwa sababu nilijua nikienda nyumbani nitabadilisha nia. Walishusha propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu, wakashusha giaboksi ya zamani, nzito ajabu, wanaume watatu na jeki. Nyuma ya injini wakatoa lile bakuli la mafuta la otomatiki, wakafunga gurudumu zito la chuma na sahani ya klachi. Wakatoboa sakafu ili mti wa gia upite. Wakatoboa ukuta wa mbele ili silinda ya klachi ikae. Propela haikutosha, ikapelekwa kwa mchomeleaji ikaongezwa urefu.

Gari la otomatiki halikubali kuwaka mpaka mti wake wa gia uwe mahali pa kuegesha. Mti huo sasa haukuwapo, kwa hiyo fundi akachukua nyaya mbili akaziunganisha. "Hapa tunalidanganya kidogo," akaniambia, "lidhani liko sawa." Likawaka mara moja. Wiki hiyo nilikuwa nimezoea kazi ya namna hiyo.

Kilichonishinda kutazama ni pedali ya breki. Kwenye otomatiki huwa pana, kwa kuwa iko peke yake na ya mafuta. Ile ya baba mpira wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, pale kiatu chake kilipozoea kukaa. Ili klachi ipate nafasi, ilibidi ikatwe. Fundi akaifunga kwenye jiriwa, akachukua msumeno. Nikaenda kununua ndizi ambazo sikuzihitaji.

Siku ya kuondoka nilikuta gunia nyuma ya gari. Ndani yake mlikuwa na ile giaboksi ya zamani, imepanguswa safi. "Hapa kwangu chuma kikitoka kwa gari kinarudi na mwenyewe," fundi akasema. "Sitaki kesi ya kuambiwa niliuza." Ndivyo mafundi waaminifu wanavyofanya huku, na sisi wateja tunadai hivyo. Ningemwambia abaki nayo. Ningeitupa njiani. Nilikuwa nimechoka mno, nikafunga mlango, nikaendesha hadi Laare na ushahidi wangu ukigongagonga nyuma.

Tukapata dereva. Baba akamfukuza wiki hiyo hiyo. Alisema anaendesha kama anayeua nyoka. Tukapata wa pili. Huyo alikuwa anapiga simu huku anapanda mlima. Baba akashuka katikati ya njia, akakaa juu ya jiwe mpaka dada akamfuata. Wa tatu hakutaka kumwona. Gari likaegeshwa kando ya zizi, na kuku wakaanza kutaga chini yake.

Simu yangu ikanyamaza. Jamani, nilikuwa nimeota kimya hicho miaka mingapi! Nililala usingizi wa mtoto mchanga. Nilipata hata nafasi ya kupalilia chai yangu. Nikajiambia nimefanya jambo la maana, na watu barabarani Laare wako salama kwa ajili yangu, hata kama hawajui.

Baada ya miezi miwili nikampigia dada mwenyewe. "Baba anaendeleaje?"

"Yupo tu."

"Yupo tu vipi?"

"Anakaa langoni. Chakula anagusa tu. Wachumaji wakitoka shambani zamani alikuwa anawauliza mti huu umefanya nini, ule umechipua wapi. Sasa wanapita, anawaitikia salamu, basi. Juzi niliwasikia wanasema mti mmoja umekatwa tawi kubwa. Nikamwambia. Akasema, sawa."

Baba kusema sawa kuhusu tawi la mbaine! Nilikaa na simu sikioni hata baada ya dada kukata. Tulikuwa tumemzuia mzee asigongwe, na sasa alikuwa anakufa akiwa ameketi kitini.

Agosti shule zilipofungwa nikaenda. Jumamosi tulikuwa tumeketi langoni, baba na mimi, wakati tuliposikia gari linapanda kutoka barabarani. Baba akainua kichwa. "Hiyo inabadilisha yenyewe," akasema. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Lilikuwa jipu kama letu, la kijani. Akashuka mfanyabiashara mmoja wa Maua, Mwislamu, msafirishaji, mtu wa heshima zake, amevaa kofia na kanzu safi. Mkononi ana paketi ya tende na sukari. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee," akakaa alipokaribishwa, akauliza habari za afya, za mvua, za watoto, mpaka zikaisha. Ndipo akasema amekuja kushukuru.

"Ile giaboksi uliyoniuzia, mzee, Mungu akubariki. Mimi nilitaka ya kutoa vipuri tu. Fundi wangu akaifungua, akasema hii ni nzima. Chujio tu, na kebo. Tangu Mei inapanda Nyambene na mzigo, haijakohoa. Nikasema haifai nikae na neema ya mtu bila kurudi kumwambia ahsante."

Kumbe baba alikuwa ameliuza lile gunia. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alimwitikia vizuri, akaita chai, akauliza inaingiaje gia ya pili kwenye mlima mkali. Yule bwana akaeleza kwa furaha. Walizungumza nusu saa kuhusu giaboksi ile kama watu wanaozungumza habari za binti aliyeolewa vizuri. Mimi sikunywa chai yangu. Mgeni alipoondoka, baba alilisikiliza gari mpaka likafika barabarani.

"Ulijua?" akaniuliza, bila kunitazama.

"Nilijua, baba."

"Siku ile ya ncoolo?"

"Siku ile nilijua."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nipate pa kushika. Hakunitukana. "Nimetafuna uongo," akasema polepole. "Umri huu wangu. Wa mwanangu mwenyewe."

Nikaanza kumweleza. Simu, yule kijana wa boda, usiku ambao sikulala, dada analia. Yote yalikuwa kweli na yote yalisikika kama takataka. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Ungeniambia, baba acha kuendesha," akasema. "Ningekataa. Ungeniambia tena. Ningekutukana. Ungeniambia mara ya tatu. Lakini ungekuwa umeniambia mimi. Wewe ulimwambia fundi."

"Nitaleta ncoolo ya kuomba radhi," nikasema.

"Kutoka sokoni?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

"Ya radhi inatoka kwenye mti wetu, na inafungwa na mikono yetu. Wewe unajua kufunga?" Sikujua. Nimekaa Embu miaka yote hii. Najua kuchuma majani mawili na kichipukizi cha chai, kufunga miraa sijui. Alijua kwamba sijui. Akashika mkongojo, akainuka. "Fukuza hao kuku. Lete gari."

Nikaliwasha. Akaingia upande wa abiria, mguu akauingiza kwa mkono kama anayepakia mzigo. Nilipotaka kushika mti wa gia, akanipiga kofi mkononi. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa tayari umeushika. "Wewe kanyaga," akasema. "Hii ni yangu."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nikakanyaga klachi, akatia ya kwanza. Nikaachia haraka, gari likaruka, likazima. "Wewe!" akasema. Nikakanyaga tena. Mara ya pili akatia kabla sijafika chini, meno ya gia yakalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Langoni vijana wawili wa boda wakasimama kutazama. "Mzee na mwalimu!" mmoja akapiga kelele. "Nani anafunza nani?" Baba hakuwajali. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza injini. Dereva wa lori yule wa zamani alikuwa bado yumo ndani. Akisema "kanyaga," nakanyaga. Akisema "achia," naachia. Usukani wangu, breki yangu, gia zake. Katikati ya mlima, kwenye mawe, alirudisha ya kwanza bila kunionya kwa neno, aligusa goti langu tu kwa kiwiko, na gari likapanda laini kuliko nilivyowahi kulipandisha peke yangu.

Tulipofika juu alikaa kwanza, hakushuka. Miti ilikuwa pale. Lile tawi lililokatwa lilikuwa limeacha jeraha jeupe. Alishuka, akaenda moja kwa moja hadi pale, akaweka kiganja juu ya jeraha. Mabega yake yakatikisika. Nilisimama mbali, kwa sababu sikustahili kusimama karibu.

Kisha akaniamuru nipande. Mwalimu mzima na suruali ya kazini, nikapanda. Akanionyesha kwa mkongojo: hicho, si hicho, chekundu hicho. Nikashuka na vijiti. Akakata jani la mgomba, akavipanga vikalingana, akafunga kwa mkono mmoja na nusu na meno. Akalitazama fungu, akaridhika. Akaninyooshea.

"Shika," akasema. "Sasa nipe."

Nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, baba, nilikudanganya, nilikunyang'anya njia ya kuja hapa, nisamehe. Alipokea. Hakulifungua. Alipoingia garini aliliweka juu ya dashibodi, akashika gia.

"Baba, hutafungua?"

"Nitafungua nikitaka. Jumamosi uje mapema."

Jumamosi iliyofuata nilikuta fungu limekauka pale pale kwenye dashibodi. Akalitupa kwa mbuzi. Tukapanda, akanipandisha mtini, akafunga jipya, akanipa, nikampa, nikasema maneno yangu, akaliweka juu ya dashibodi. Na iliyofuata. Shule zimefunguliwa, nasahihisha madaftari njiani, nafika Laare macho mekundu, na klachi inanisubiri. Baba hamtaki dereva mwingine. Dada anasema baba sasa anakula mpaka anaongezwa, na wachumaji wamerudi kumwogopa. Chai yangu imejaa magugu. Nilitaka kumtoa barabarani ili nipumzike, na sasa niko barabarani naye kila wiki.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha. Tulipanda tukiteleza, ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, na tulipofika juu mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatetemeka peke yake, siwezi kuuzuia. Baba aliuona. Alifunga fungu lake, nikampa, nikasema maneno yangu. Safari hii hakuliweka kwenye dashibodi. Alikaa nalo mkononi garini, kidole kwenye uzi.

"Mguu huo umechoka?" akauliza.

Nikauminya kwa mkono utulie.

"Wangu haukuchoka, mwanangu. Ulichukuliwa tu, siku moja asubuhi, nikiwa navaa viatu." Akaugeuza uzi. "Sema umechoka, nifungue hii, nitafune, yaishe. Nitakusamehe, na hutakuja tena. Mimi nitakaa langoni. Sema kweli."

Nilitazama ule uzi. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nimechoka kwa miguu, kwa mgongo, kwa macho. Nyuma ya kioo miti ilikuwa inadondosha maji.

"Sijachoka, baba," nikasema.

"Muongo," akasema. Akaliweka fungu juu ya dashibodi, akashika gia. "Kanyaga."